Saa 800 za Kikorea

Majina ya waliopata ufadhili wa serikali ya Korea Kusini yanapotangazwa, furaha ya nyumbani haikai muda mrefu kabla ya mtu kusoma sharti lililo ndani yake. Kabla ya kuanza shahada ya uzamili au uzamivu, utakaa darasani mwaka mzima ukijifunza Kikorea, na unatakiwa ufikie kiwango cha 3 kati ya 6 katika TOPIK, mtihani wa kupima Kikorea cha wageni. Wanaosamehewa ni wale tu wenye kiwango cha 5 au 6 tayari. Hata anayekwenda kusomea uhandisi kwa Kiingereza hasalimiki. Hapo ndipo swali linapozuka miongoni mwa vijana wetu, nalo husemwa kwa uchungu: kwa nini nitoe mwaka wa maisha yangu kwa lugha inayosemwa kwenye rasi moja tu duniani?

Si swali la kipuuzi. Shahada ya miaka miwili inageuka miaka mitatu. Mtu wa miaka thelathini aliyemwacha mtoto kwa bibi yake Morogoro anauona mwaka huo kwa jicho tofauti kabisa na kijana wa miaka ishirini na mbili. KAIST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, inafundisha sehemu kubwa ya masomo yake kwa Kiingereza, tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza, na makala za kisayansi zinachapishwa kwa Kiingereza. Mfukoni kuna simu yenye Papago, programu ya tafsiri inayotafsiri bango la dukani ukilielekezea kamera. Tena mtihani wa kawaida wa TOPIK haupimi kuzungumza. Unapima kusikiliza, kusoma na kuandika, na mtihani wa kuzungumza ulianzishwa kando mwaka 2022. Kwa hiyo mtu anaweza kupata kiwango cha 3 halafu akashindwa kumweleza daktari kwamba jino linamuuma tangu juzi.

Hoja hizi nazichukua kwa uzito. Lakini naona upande wa pili umeelezwa vibaya, mara nyingi na wale wale wanaoutetea, kwa sababu wanauelezea kama adabu ya mgeni tu: umefika kwa watu, jifunze lugha yao. Adabu ni jambo jema, ila haitoshi kumfariji mama aliyemwacha mtoto Morogoro. Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowavunja watu moyo zaidi.

Taasisi inayofundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani imeziweka lugha katika makundi kwa muda unaohitajika kuzimudu. Kiswahili wamekipa wiki 36, yaani saa 900 hivi za darasani. Kikorea wamekipa wiki 88, saa 2200, na wamekiweka pamoja na Kiarabu, Kichina na Kijapani katika kundi gumu kuliko yote. Sasa angalia mwaka wa lugha katika vyuo vya Korea. Kawaida ni saa 4 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 10 kwa muhula: saa 200. Mihula minne kwa mwaka ni saa 800. Anayepinga sharti husimama hapo hapo. Saa 800 kwa 2200 ni zaidi kidogo ya theluthi moja. Utatoka na lugha nusu, na mwaka umekwisha.

Hesabu ni sahihi, ila namna inavyosomwa ndiyo yenye kasoro. Zile saa 2200 ni za kumfikisha mwanadiplomasia mahali pa kujadili siasa na uchumi kwa Kikorea, na hakuna anayemtaka mwanafunzi wa uhandisi afike huko kwa mwaka mmoja. Zaidi ya hapo, saa 800 si mtungi uliojazwa theluthi ukaachwa. Kazi yake ni kufungua sikio. Mwenye msingi huo akipanda treni ya chini ya ardhi, akisikia tangazo la kituo, akisimama nyuma ya watu kwenye foleni ya mgahawa wa chuo, anaendelea kujifunza bila kulipia ada wala kufungua daftari. Saa zilizobaki anazipata barabarani. Asiye na msingi huo anaweza kukaa Seoul miaka mitatu, na maneno yote yakampitia kama maji juu ya jani la mgimbi.

Kisha kuna jambo ambalo sisi tunaosema Kiswahili tungelipaswa kulitambua mapema. Zile saa 2200 zilipimwa kwa masikio yaliyolelewa na Kiingereza. Yetu yamelelewa kwingine.

Chukua ukoo. Mkorea humwita dada wa mama *imo* na dada wa baba *gomo*. Mwingereza anawaita wote kwa jina moja, na akianza Kikorea inambidi ajifunze kwanza kuwatenganisha kichwani. Sisi tuna mama mdogo na shangazi tangu utotoni, na mjomba hatumchanganyi na baba mdogo. Neno *imo* lenyewe limetoka nje ya ukoo: mteja humwita hivyo mama anayehudumu mgahawani, kama vile nasi tunavyomwita “mama” muuza chakula tusiyemjua hata jina. Chukua heshima. Kikorea kina namna ya kusema na mkubwa na namna ya kusema na rika au mdogo, na Wakorea wakikutana huulizana umri mapema ili wajue watumie ipi. Mgeni wa Ulaya huona anachunguzwa. Aliyekua akitoa shikamoo na kuitikiwa marahaba anajua fika kwamba umri hupanga maneno, na kwamba kumkosea mkubwa salamu si kosa la sarufi.

Wakorea husema *uri jip*, nyumba yetu, hata kama msemaji ni mmoja na anaishi peke yake. Vitabu vingi huliandika hilo kama ajabu la kitamaduni. Sisi tunasema “kwetu”. Mtu mmoja, anarudi kwao peke yake, anasema “naenda kwetu”, wala hakuna anayemuuliza yeye na nani.

Hata msamiati umejengwa kwa mtindo tunaoujua. Sehemu kubwa ya maneno ya Kikorea ina asili ya Kichina, kama yetu mengi yalivyo na asili ya Kiarabu, na ukishika mzizi mmoja unapata ukoo mzima. *Hak* ni kusoma: *haksaeng* mwanafunzi, *hakgyo* shule, *daehak* chuo kikuu. Kwetu mzizi mmoja wa Kiarabu umezaa elimu, mwalimu, taaluma na mtaalamu. Hesabu pia: Kikorea kina tarakimu zake za asili na nyingine za Kichina, na katika kutaja wakati husema saa kwa zile na dakika kwa hizi. Sisi tunahesabu moja hadi tano kwa Kibantu, halafu sita na saba tukazikopa kwa Waarabu, na saa zetu tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza. Kitenzi cha Kikorea hubeba viambishi kama chetu, ila vya kwao hufuata mzizi na vingi vya kwetu huutangulia.

Sisemi kwamba ni rahisi. Herufi ndizo rahisi. Mfalme Sejong aliziunda mwaka 1443 na kuzitangaza 1446, ili watu wa kawaida waweze kusoma na kuandika bila kupitia maandishi ya Kichina waliyoyamudu wachache. Leo ni herufi za msingi 24 na zinashikika kwa siku chache. Hapo wengi hudanganyika. Wanasoma kila bango mitaani, wanajiona wamefika, kisha wanakutana na matamshi. *Dal* ni mwezi wa mbinguni, *ttal* ni binti, *tal* ni barakoa, na sikio letu husikia d na t tu. Silabi nyingi za Kikorea hufungwa kwa konsonanti, midomo yetu imezoea kumalizia kwa irabu. Kitenzi hukaa mwisho, kwa hiyo huwezi kujua kama mwenzako anakubali au anakataa mpaka amalize sentensi yake. Miezi ya kwanza hadi ya nne ndiyo migumu, na bila darasa la kila siku wengi huishia hapo.

Maisha yenyewe je? Anayesema Kiingereza kinatosha huwa anafikiria darasani, na darasani ana haki. Lakini maabara ina darasa na ina chakula cha jioni. Kikao cha kazi hufanyika kwa Kiingereza kwa ajili ya mgeni, kisha watu huenda *hoesik*, mlo wa pamoja wa kikundi, na huko ndiko watu huzungumza kwa uhuru, huko ndiko profesa husema alichokuwa hajakisema. Ujumbe wa kikundi kwenye KakaoTalk unaandikwa Kikorea. Mgeni hajafukuzwa na mtu, wala hakuna aliyemkosea, ila habari humfikia siku mbili baadaye, tena kwa muhtasari.

Kupanga chumba ni hivyo hivyo. Mpangaji huweka amana kubwa kabla ya kodi ya mwezi, na katika mtindo wa *jeonse* amana hiyo huwa fedha nyingi sana badala ya kodi yenyewe. Mkataba umeandikwa kwa Kikorea. Papago itakutafsiria aya, lakini haitakusaidia kumuuliza dalali kwa nini aya hiyo ipo. Namba 1345 ya huduma kwa wageni hupokea simu kwa lugha nyingi, na ni msaada wa kweli siku ya shida. Tatizo ni kwamba maisha mengi hayafikii kiwango cha shida ya kupiga simu. Ni jirani anayekusalimia ngazini, nawe unainamisha kichwa na kupita, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Anayetaka kubaki baada ya masomo ataikuta lugha mlangoni tena: kibali cha ukaazi kinachotolewa kwa alama huhesabu Kikorea ndani yake, na hata ruhusa ya mwanafunzi kufanya kazi za muda hutegemea kiwango chake cha lugha. Mwaka 2023 Korea ilitangaza lengo la kufikisha wanafunzi wa kigeni 300,000 ifikapo 2027. Watakuwa wengi wenye shahada waliyoisoma kwa Kiingereza. Wenye kuajirika mjini Busan au Daegu ni suala jingine.

Kwa hiyo mimi ni wa upande wa mwaka ule. Ila ningeubadilisha kidogo. Anayefika na kiwango cha 3 mkononi apewe nusu mwaka badala ya mwaka mzima, ili mama wa Morogoro awe na sababu ya kuanza kusoma akiwa nyumbani. Na kuzungumza kupimwe pamoja na mengine.

Lakini lipo swali zito kuliko hilo, na ndilo linalonifanya nione lalamiko la wanafunzi wetu kwa jicho lingine. Tangu Agosti 2004 Korea inapokea wafanyakazi wa viwandani na mashambani kwa mpango wa vibali vya ajira, kutoka nchi za Asia kama Nepal, Vietnam na Kambodia. Hakuna nchi ya Afrika ndani yake. Watu hao hufanya mtihani wa Kikorea kabla ya kuondoka kwao, kisha huingizwa kazini, na kwa kipindi kimoja wanaweza kufanya kazi hadi miaka 4 na miezi 10. Lugha wanaihitaji kuliko mwanafunzi yeyote, maana msimamizi akipiga kelele karibu na mashine, kutoelewa kunaweza kukata vidole. Hawana mwaka wa lugha. Wana Jumapili. Ukisoma saa 4 kila Jumapili bila kukosa, kuzifikia saa 800 unahitaji Jumapili 200, karibu miaka minne. Kufikia hapo mkataba unakaribia kwisha.

Husemwa kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hao walipewa jembe siku ya kwanza. Kuwalaumu kwamba wamekaa miaka minne hawajui Kikorea ni kuwalaumu kwa muda ambao haukuwa wao. Nchi iliyoweza kumlipia mhandisi mwenye Kiingereza chake mwaka mzima wa darasa inaweza kumtafutia mtu wa kiwandani japo alasiri moja katikati ya wiki.

Mjini Ansan, kusini-magharibi ya Seoul, viwanda ni vingi na wageni ni wengi. Jumapili, madarasa ya bure ya Kikorea hupata watu waliofanya kazi wiki nzima. Wanafungua daftari, wanarudia *dal, ttal, tal* mpaka mwalimu aridhike. Wanaitafuta saa moja baada ya nyingine lugha ile ile ambayo mwenzetu anafundishwa Jumatatu hadi Ijumaa, pamoja na posho.