Kiti au shimo?

Jana shemeji alinipa lifti kutoka Uyole hadi Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwa gari lake jipya la spoti. Jipya kwake, Japani walishalichoka. Kuingia ni kutanguliza makalio, kichwa kifuate, halafu mguu uuvute kwa mikono. Kiti cha maana hukaribia usawa wa nyonga za mtu aliyesimama, unageuka tu na kukaa. Hiki kiko usawa wa ugoko! Ford GT40 ilipata hiyo 40 kwa kimo chake cha inchi 40, sawa, lakini lile ni la mashindano, halikutumwa sokoni kubeba sado la viazi.

Kinachoniudhi hasa ni skrini ya kugusa. Kitufe cha feni unakipapasa tu, macho yako barabarani. Sisi, vioo vimejaa ukungu kwa baridi hili la Juni, shemeji kainama anatafuta kapicha ka feni, na bajaji inakatisha, imefichwa na ile nguzo nene ya pembeni mwa kioo cha mbele. Nilipiga ukelele.

Na matuta je? Kila tuta, krrr, tumbo linakwaruza.

Kushuka nilivutwa mkono na mpiga debe, shemeji akiniuliza kama nimeona lilivyo zuri.