Henzerani ya Kukalia na Henzerani ya Kupigia

Hapa Birmingham watu hulipa fedha nzuri ili wafundishwe kusuka viti vya henzerani, nami ni mmoja wao. Jioni baada ya kazi huketi pamoja na wastaafu wa Kiingereza, kila mtu na kiti chake kisicho na kikalio na beseni la maji la kulowekea nyuzi. Juzi mwalimu wetu, mama mwenye subira nyingi, alitupitishia ufito mzima ambao bado haujabanduliwa ganda, tuukunje tuone kwamba henzerani si kama mwanzi ulio mtupu ndani. Hii imejaa, hivyo hupindika bila kupasuka. Wenzangu waliusifu sana. Mimi kiganja kilijifumba chenyewe.

Waliosoma Lamu hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Sifa hiyo ya kupindika ndiyo iliyompendeza fundi wa viti, na ndiyo hiyo hiyo iliyompendeza mwalimu wa zamu. Mmea wenyewe ni wa jamii ya mnazi, hutambaa juu ya miti katika misitu ya Indonesia na Malaysia. Ganda lake hutoa nyuzi za vikalio, na moyo wake hufumwa vikapu. Kwetu pwani hauoti. Uliletwa na bahari, ukaingia nyumba za Mkomani, mtaa wa Lamu mjini, ukiwa kiti cha barazani na ukaingia shuleni ukiwa bakora. Ninalouliza ni hili: kati ya hivyo viwili, kwa nini tulichokitunza ni bakora?

Kiti cha bibi yangu kilipotoboka, hatukumtafuta msukaji; kilipigiliwa kipande cha plaiwudi, kikawekwa takia juu, na mambo yakaisha. Jirani zetu walitupa vyao wakanunua vya plastiki. Lakini sijapata kusikia shule iliyokosa fimbo. Henzerani ikiadimika, upo mkwaju, upo mpera, na vyote vikikosekana hukatwa mpira wa maji.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa nimekunywa maji ya Ulaya nikasahau kwetu, kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwamba sisi tulichapwa na tukanyooka. Ndugu zangu, mimi pia nilichapwa, shuleni asubuhi na chuo cha Kurani jioni, na babu yangu ndiye aliyemwambia mwalimu kwamba nyama ni yake na mifupa ndiyo yetu. Simlaumu marehemu, alisema waliyoyasema wenziwe. Wala sidai kwamba Waingereza walizaliwa na huruma. Hawa ndio walioifanya bakora kuwa sehemu ya shule, na Bunge lao lilipopiga kura mwaka wa 1986 kuiondoa katika shule za serikali, bakora iliondolewa kwa kura 231 dhidi ya 230. Kura moja! Shule za binafsi ziliendelea nayo kwa miaka mingine. Basi anayeniambia kwamba kuacha fimbo ni tabia ya Kizungu anawapa Wazungu sifa wasiyostahili.

Na sisi sheria tunayo. Kenya iliiondoa fimbo shuleni mwaka wa 2001, mwaka ule ule ambao Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katiba ya 2010 ikaongeza nguvu, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia. Msiniambie kwamba serikali yetu haiwezi kutekeleza marufuku. Mwaka wa 2017 ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na hata mchuuzi wa mchicha aliuficha wake. Nchi iliyoweza kumpokonya mama wa sokoni mfuko imeshindwaje kumpokonya mwalimu fimbo?

Linaloniudhi zaidi ni kwamba kazi ya mikono tunaijua, hatuhitaji wa kutufundisha. Niliwaonyesha wanadarasa wenzangu picha ya mkeka wa Matondoni, kijiji cha kwetu Lamu, ukili wake (ukanda wa majani yaliyosukwa) umeshonwa hata huoni unapoungana, wakanyamaza. Wao wanahangaika na nyuzi mbili za wima, mbili za ulalo na mbili za mshazari, mpaka tundu litoke na pembe nane. Mwanamke wa kwetu aliyezoea miyaa angeimaliza kazi hiyo huku akizungumza na jirani dirishani. Ila kwetu mkeka huo husifiwa na mtalii, na mwenyewe akitaka cha kutandika hununua cha plastiki.

Kwa hiyo nikija likizo nitabeba mafungu ya nyuzi, na anayemjua fundi wa vikalio aliye hai, mtaa wa Langoni pale Lamu au popote, anitajie. Kama hayupo, nitakisuka kiti cha bibi mwenyewe, kwa hasira au kwa raha. Na walimu wasijisumbue kuniomba: nyuzi zangu zimekwisha kubanduliwa, ni nyembamba kama utepe, hazichapi mtu.