Natafuta Mwanga, Siyo Kuwanga

Hebu nione: mtu mzima, mke mmoja, watoto watatu, kitambi cha halali, saa nne za usiku yuko porini Texas. Kajifunga taa kichwani, kabeba begi la visahani vinavyong'aa, anarusha kimoja angani, halafu anakifuata gizani huku akinong'ona. Huyo ni mimi. Kwetu Muheza mtu akikutwa hivyo haulizwi kama anafanya mazoezi. Anaitiwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mchezo wenyewe unaitwa diski gofu. Ni gofu, ila umeondoa fimbo na kimpira, ukaweka kisahani cha plastiki. Unarusha kutoka hapa, unakwenda kilipoangukia, unarusha tena, mpaka kiingie kwenye kikapu cha chuma kilichoning'inizwa minyororo juu yake. Vikapu kumi na nane, kila mtu anahesabu mirusho yake, mwenye michache ndiye mshindi. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na hulipi kitu, jambo ambalo ndilo lililonivuta. Ukiniambia Marekani kuna kitu cha bure, mimi nishavaa viatu kabla hujamaliza kusema ni kitu gani.

Kwa nini usiku? Kwa sababu mwezi wa nane huku karibu na Austin joto linagonga nyuzi 38 na linaendelea kupanda kama limetumwa. Kisahani ukikisahau kwenye dashibodi unakikuta kimejikunja kama chapati ya jana. Basi wenzangu wa ghalani, wakiongozwa na msimamizi wetu, Mzungu mmoja mpole sana, wanacheza Ijumaa usiku. Akaniambia, "Karibu. Njoo na tochi."

Njoo na tochi. Ningejua maneno matatu yale yangenigharimu kiasi gani ningesema naumwa.

Mimi tochi naijua. Babu alikuwa nayo moja, ya chuma, inakula betri tatu kubwa, na ndiyo ilikuwa tochi ya mtaa mzima. Mama fulani akishikwa na uchungu usiku, tochi ya babu. Ng'ombe kakata kamba, tochi ya babu. Betri zikichoka zinaanikwa juu ya bati pamoja na mihogo, zikichoka zaidi zinang'atwa, na nina meno mawili mpaka leo yanaweza kutoa ushahidi. Kwenye kifuniko cha nyuma kulikuwa na balbu ya akiba, na babu aliilinda kuliko hati ya shamba. Swali juu ya tochi ile lilikuwa moja tu: inawaka, haiwaki?

Nikaingia dukani na swali langu hilo moja. Kijana muuzaji akanitazama kwa huruma.

"Unataka inayomwaga au inayotupa?"

Nikamwambia nataka inayowaka.

Akanieleza taratibu, kama anamweleza mgonjwa. Inayomwaga inatandaza mwanga karibu na miguu, usijikwae. Inayotupa inakusanya mwanga kama mkuki na kuupeleka mbali, uone kikapu. Kwa hiyo unahitaji zote mbili. Sawa. Halafu kuna lumeni, hizo ni wingi wa mwanga wote unaotoka. Halafu kuna kandela, hizo ni ukali wake pale unapoelekeza. Tochi inaweza kuwa na lumeni chache na ikafika mbali, nyingine ina lumeni kibao na inaishia kukuonyesha vidole vyako. Nikasema nyumbani kwenye simu nimeona tochi ya lumeni laki moja, dola 19 tu. Kijana akacheka mpaka akashika kaunta. Taa moja ya mbele ya gari la kawaida, akasema, inatoa lumeni elfu moja na kitu. Sasa wewe unataka mfukoni utembee na taa za magari karibu hamsini? Kwa dola 19?

Nilinyamaza. Nilikuwa nimeshaagiza mbili.

Nikageuza boksi la tochi nyingine, limeandikwa mita 300. Nikafurahi, hapo angalau nimeelewa, mita naijua. Kumbe nayo ina mtego! Umbali huo unapimwa mpaka pale mwanga unapobaki sawa na wa mbalamwezi. Yaani nilipe dola 60 ili mita 300 mbele yangu pawe kama pana mbalamwezi, wakati mbalamwezi yenyewe iko juu, inamulika Texas nzima, na haijawahi kuniomba betri.

Tena betri zenyewe si zile za kung'ata. Ni za lithiamu, jina lake namba, 18650: unene milimita 18, urefu milimita 65. Kijana alipojua kwamba kwetu betri zinang'atwa alinisihi kwa dhati, kama daktari, nisithubutu, hizi zinawaka moto. Na ile kasi ya juu kabisa ya tochi, ile iliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya boksi, inadumu dakika moja au mbili, halafu tochi inapata joto na kujipunguza yenyewe. Kama mimi kwenye ngazi.

Basi nikalipa. Ya kichwani moja, ya mkononi moja, betri, na chaja. Nikafika kiwanjani nimejaa mwanga kama basi la mkoani. Nikawasha. Msimamizi akageuka kunisalimia, nami nikageuka kumsalimia, taa ya kichwani ikamwingia machoni. Wenzake wakapiga kelele pamoja: "Zima!"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jinsi nilivyoibiwa na akili yangu mwenyewe. Kwenye mchezo huu tochi ni kitu cha kuzima. Visahani vyao vya usiku vimetengenezwa kwa plastiki inayokunywa mwanga na kuutoa kidogokidogo, na ukiwasha taa kubwa huvioni tena. Macho nayo yakishazoea giza yanachukua muda mrefu kurudi yakipigwa na mwanga mweupe, ndiyo maana wazoefu wanawasha kataa kekundu hafifu, wanatembea kama wazee wanaotafuta choo. Dola 60 zangu, natembea nazo kichwani zimezimwa. Mwenzangu mmoja hana hata tochi, kabandika vitaa vidogo vya betri ya saa juu ya kisahani kwa selotepu, anacheza vizuri kuliko wote.

"Tochi unayohitaji," msimamizi akaniambia, "ni ya zambarau."

Nilirudi dukani. Kijana alinipokea kama ndugu.

Tochi ya zambarau ni ya mionzi ile ya jua isiyoonekana kwa macho, inayobabua ngozi. Unakimulika kisahani kwa sekunde chache kinashiba, kinang'aa kijani kibichi, unakirusha. Nikadhani hapa sasa hakuna la kuchagua. Lipo. Kuna ya nanomita 395, hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kuna ya 365. Ya 395 inaonyesha zambarau nyingi, ya 365 karibu huioni, na bei yake ndiyo unaiona. Nikauliza tofauti ya moja na nyingine ni nanomita 30, nanomita 30 ni kitu gani kwa mtu aliyekuja na Kirikuu? Akasema usiitazame machoni. Nikachukua ya 365, kwa sababu nilishaona kuwa huku kitu kizuri ni kile kisichoonekana.

Ijumaa iliyofuata nikamulika, kikang'aa, nikarusha. Wallahi kilipendeza. Kiduara cha kijani kinaelea juu ya miti, hakina sauti, kinapinda kushoto chenyewe. Nikarekodi video nikamtumia mjomba Muheza. Hazikupita dakika tano, simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Huo ungo umeupata wapi?"

Nikamwambia si ungo, mjomba, ni mchezo. Akauliza mbona unaruka usiku. Nikamwambia mchana kuna joto. Akauliza mko wangapi. Nikasema sita. Akauliza kama kuna popo. Sasa pale Austin mjini, chini ya daraja moja, wanakaa popo kama milioni moja na nusu, na jioni za kiangazi watu wanapeleka watoto wao kuwatazama wakitoka. Nikamjibu hapana.

"Mjomba, mimi huku nahangaika kutafuta mwanga tu."

Kimya. Nikajua nimekosea mahali.

"Mwanga hatafutwi, mjomba wangu," akasema kwa upole. "Mwanga anakuja mwenyewe. Tena uchi."

Na sikumsimulia habari ya Headrick. Ed Headrick ndiye aliyebuni kikapu cha minyororo, na kiwanja cha kwanza cha kudumu kilifunguliwa California mwaka 1975. Alipofariki mwaka 2002 majivu yake, kwa wasia wake, yalichanganywa kwenye plastiki, yakafinyangwa visahani. Niliambiwa hayo gizani, nikiwa nimeshika kisahani cha kuazima. Nilikigeuza upande huu, nikakigeuza upande ule, nikamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

Sasa ngoja nikwambie kilichotokea kwenye kikapu cha kumi na moja. Nilirusha, kikapinda, kikaingia vichakani kwenye mawe. Nikaenda na tochi yangu ya zambarau. Namulika huku, namulika kule, mara naona kitu kinang'aa kijani, kwa upole, chini ya jiwe. Nikamshukuru Mungu na nanomita zake. Nikainama, nikanyoosha mkono.

Kikatembea.

Nge wa Texas wanang'aa chini ya mwanga ule. Wote. Hilo kijana muuzaji hakunieleza, na nilimpa muda wa kutosha. Nilipopeleka tochi pembeni nikaona mwingine, na mwingine, mkutano mzima, kila mmoja kang'aa kama katoka saluni. Wiki zote zile nilikuwa napita hapo na kandambili, nikiwa na amani ya mtu asiyejua. Kisahani changu mpaka sasa kiko palepale, wamekirithi.

Nikarudi nyumbani saa sita za usiku, natetemeka, nikamsimulia mke wangu. Hakunipa pole. Aliuliza swali moja: "Hiyo tochi inaonyesha na nini kingine?"

Nikamwambia kwa kujigamba: fedha. Nikatoa noti ya dola 20, uzi wake ukang'aa kijani. Akatoa yake ya 100, uzi ukang'aa waridi. Nikashangaa ana mia, hakunijibu. Akainuka na tochi, akaingia chooni, akazima taa.

Nilisikia ukimya mrefu.

"Baba Zuhura."

"Naam."

"Njoo uone."

Sikwenda, ila nilijua. Mwanga ule unaonyesha mikojo iliyokauka, hata ya mwaka juzi. Ukutani, nyuma ya sinki, kwenye kona ambazo mtu hawezi kuzifikia hata kwa kukusudia. Nikasema labda ni Hamisi. Hamisi ana miaka minne, akasema, na hii imefika kiunoni kwangu.

Tangu siku ile kurunzi si yangu. Mkoba wa mama Zuhura hautoki bila hiyo. Kaenda nayo kukagua mazulia ya nyumba ambayo rafiki yake Mkenya alitaka kupanga, rafiki kakimbia. Kaenda nayo hotelini kwenye harusi ya watu San Antonio, tukalala kwenye gari.

Jana ilikuwa Ijumaa. Saa tatu na nusu, wenzangu wananipigia honi nje, nimevaa mabuti marefu mpaka magotini. Nikamwambia mke wangu kwa heshima zote, naomba tochi yangu.

Akaiwasha, akaielekeza mlango wa choo, akanipa dekio.