Shemeji kawapa nusu, nusu nyingine hii hapa

Naona tangu asubuhi mnanitumia vikatuni vya mtu kajificha nyuma ya kitenge, kwa hiyo shemeji keshawafikia na habari za Jumapili ukweni. Sawa. Ila kasema nilikimbia mpaka barabarani, huo uongo, sikufika hata mlangoni, na afadhali ningefika.

Ni ile amplifaya ya kizamani ya baba mkwe pale Ujiji, Kigoma, ya valvu (vile vichupa vya kioo vinavyowaka ndani), ambayo haruhusu mtu hata kuifuta vumbi. Valvu yake ya rektifaya, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, aina ya GZ34, ilikufa. Nimezunguka maduka ya vipuri Mwanga yote, watu wananiuliza valvu ya tairi au ya gesi. Nikasema basi, naweka daiodi mbili za 1N4007, vile vidude vidogo vya kisasa, kazi si ni ileile? Na kwa vile nilishafungua nikaona nibadilishe na kapasita ya chujio, kile kikopo cha kulainisha umeme, maana ya zamani ilikuwa inavuja, yenyewe imeandikwa volti 450, ndo mwisho wake wa kuhimili, mimi ninayo ya 400 nimeichomoa kwenye tivii mbovu. Ndani ya boksi fundi wa zamani kapima umeme wake, kaandika kwa penseli volti 380. Sasa 400 na 380 ipi kubwa? Hesabu ya darasa la pili hiyo.

(Mafundi, msicheke kwanza, bado hatujafika.)

Jumapili jioni mzee kakaa kwenye kiti chake, kanzu nyeupe pee, santuri kaishika mkononi. Mama mkwe yuko kwenye mkeka anachambua dagaa. Nikawasha kwa mbwembwe, nikarudi nyuma hatua moja, mikono kiunoni kama injinia wa meli.

Kimya. Halafu ssssss. Mzee akasema, "Mkwe, naona imeanza kuamka." Nikasema ndiyo baba, ndo zinavyopata moto. Jamani nilisema hivyo! Kumbe naiona kabisa kapasita, ule msalaba uliochongwa kichwani unaanza kuumuka, unaumuka kama andazi, nami nimesimama naliangalia andazi, akili inasema zima, mkono unasema subiri kidogo labda litanywea. Kikatoka kimoshi cheupe chembamba. Mama mkwe akanusa, akauliza nani kaunguza samaki.

PAAA!

Kuruka najua niliruka, kutua ndo sikupanga. Nilipofumbua macho niko kwenye mkeka, dagaa kila mahali, nimekumbatia mguu wa mama mkwe wangu na uso nimeuficha kwenye kitenge chake. Mama mkwe! Mtu ambaye miaka minne yote nikimsalimia natazama chini. Na juu yetu vinashuka vipande vya karatasi na foili, polepole, kama harusini, vinatua kwenye kanzu ya mzee kimoja kimoja. Mzee hajasogea hata kidogo. Santuri bado mkononi.

Shemeji anadai nilipiga kelele "mama nakufa." Neno mama nililitaja, sikatai, lakini si alikuwepo pale pale? Nilikuwa namsalimia.

Akili ilirudi usiku nikiwa kitandani. Transfoma inatoa volti 325 kila upande, zidisha kwa 1.414 unapata kilele chake, karibu 460, na daiodi inazimwaga zote papo hapo wakati valvu za sauti bado zimelala hazinywi kitu. GZ34 yenyewe ilikuwa inapata moto taratibu, ikija kuachia umeme wenzake wameshaamka, ndo maana ilikuwa inasoma 380. Yaani ile penseli haikuwa na kosa.

Dagaa nimelipa, kanzu imefuliwa, GZ34 na kapasita ya volti 500 nimeagiza Dar, zinakuja na treni.

Ila jana mama mkwe alikuwa anakaanga migebuka, mafuta yakalia ssssss, mzee akaacha kula, akanitazama mimi, kisha akausogeza mguu wa mama mbali na kiti changu.