Mallorca haikuuawa na mabao

Wengi wetu Afrika tunaijua RCD Mallorca, klabu ya kisiwa cha Mallorca huko Hispania, kwa sababu ya Samuel Eto'o, na si vibaya. Real Madrid walikuwa naye, hawakumpa nafasi, mwaka 2000 akavuka maji kwenda kisiwani na huko ndiko alikotengeneza jina. Tarehe 28 Juni 2003, mjini Elche, alifunga mawili, Walter Pandiani akaweka moja, Recreativo Huelva wakalala 3-0. Hilo ndilo Kombe la Mfalme (Copa del Rey, kombe la Hispania) pekee walilonalo. Mwaka uliofuata Eto'o akawa wa Barcelona.

Bado nasema usiku huo si mkubwa kuliko yote pale Palma, mji wa klabu hiyo.

Kabla yake kulikuwa na timu ya kocha Héctor Cúper. Fainali ya Kombe la Mfalme 1998 walibaki tisa uwanjani mbele ya Barcelona, wakaivuta mechi mpaka penalti, wakapoteza 5-4. Mwaka 1999, kwenye fainali ya Ulaya uwanjani Villa Park, Uingereza, Christian Vieri aliwatangulizia Lazio, Dani akasawazisha, halafu dakika ya 81 Pavel Nedvěd akamaliza kazi. Ilikuwa fainali ya mwisho ya Kombe la Washindi, UEFA (shirikisho la soka la Ulaya) wakalifuta. (Cúper ndiye huyo huyo aliyekuja kuinoa Misri, akapoteza fainali ya AFCON 2017, kisha akaifundisha DR Congo. Mzee ana gundu na fainali.)

Kufungwa kwa namna hiyo hakuui klabu. Kilichokaribia kuiua Mallorca kilitoka ofisini. Msimu wa 2009/10 walimaliza wa tano na pointi 62, moja tu nyuma ya Sevilla waliochukua nafasi ya Ligi ya Mabingwa. Tiketi ya Ligi ya Europa walikuwa wameitolea jasho miezi tisa. UEFA wakafungua vitabu vya hesabu, wakakuta madeni, wakawazuia. Nafasi ikaenda kwa Villarreal, walioshika nafasi ya saba! Mchezaji aliyekimbia msimu mzima alikosa Ulaya kwa hesabu asizozigusa.

Baada ya hapo ni kuporomoka tu. 2013 wakashuka daraja. Wamarekani wakainunua klabu 2016, na hata wao 2017 wakaishuhudia ikiangukia daraja la tatu.

Kocha Vicente Moreno akaja, akaipandisha papo hapo hadi daraja la pili. Juni 2019 wakafika mchujo wa kurudi La Liga, wakachapwa 2-0 na Deportivo La Coruña ugenini. Marudiano Son Moix, uwanja wao wa nyumbani: Ante Budimir akafunga mapema, Salva Sevilla akaachia frikiki ikazama wavuni, na dakika ya 82 Abdón Prats akapiga la tatu, jumla 3-2, wakarudi La Liga. Prats ni mzaliwa wa Artà, kisiwani humo humo, na alirudi klabuni 2017, wakati wenye majina wasingeitaka hata kwa mkopo.

Kwangu mimi bao lile lina uzito kuliko yote matatu ya Elche. Eto'o angepata kombe popote. Yule kijana wa Artà alikuwa anairudisha timu ya kwao. Na walipopoteza tena fainali ya Kombe la Mfalme 2024, kwa penalti dhidi ya Athletic Club, nilisikitika usiku mmoja tu. Kule kuzuiwa na UEFA 2010 bado kunaniuma.