Ijue TV ya nyumbani kwanza, ndipo uende kwa mtu wa muvi

Shule zikifungwa tu, vibanda vya kuweka muvi kuanzia Mbagala hadi Manzese vinajaa wanafunzi wenye flashi mkononi na ombi moja: "Kaka, nijazie." Likizo inaanza kuharibika hapohapo. Aliyejaziwa anarudi na mzigo ambao nusu yake haufunguki, nyingine hazina sauti, na sizoni inaruka kutoka episodi ya 3 hadi ya 5. Lawama zote anabebeshwa mtu wa muvi, wakati mara nyingi mwenye neno la mwisho ni TV ya sebuleni, na hakuna aliyeiuliza.

TV nyingi za zamani kidogo hazisomi picha iliyobanwa kwa x265, ambayo pia huitwa HEVC. Vibandani inapendwa kwa sababu faili linakuwa karibu nusu ya lile la x264, njia ya zamani zaidi ya kubana picha, kwa hiyo diski inabeba nyingi zaidi. Ukiichomeka nyumbani unasikia watu wanaongea huku kioo kikiwa cheusi, au TV inakuandikia kwamba faili halitambuliki. Na ikiwa picha ipo ila sauti hamna, acha kuhangaika na rimoti: sauti hiyo huenda imewekwa kwa DTS, aina ya sauti ambayo TV yako haiijui. Omba MP4 ya x264 yenye sauti ya AAC. Hiyo inafunguka karibu kila mahali. Zile zilizokataa usizifute kwanza, maana programu ya VLC kwenye simu au laptopu inazisoma nyingi.

Kwa hiyo mwombe mhusika akugeuzie skrini, usome jina la faili kabla halijakopiwa. Likiishia na kitu kama 1080p.WEB-DL.x264, chukua: 1080p ni ukali wa picha, na WEB-DL ni kwamba imeshushwa mtandaoni. Ukiona CAM au HDTS, hiyo ni picha iliyoibwa ndani ya ukumbi wa sinema: sauti ina mwangwi, na mara kivuli cha mtu kinapita mbele ya kioo. Muvi mpya unayoitamani kiasi hicho afadhali uchange nauli na tiketi, ukaione Century Cinemax pale Mlimani City mara moja kwa likizo nzima. Kwa TV ya inchi 32, hata 720p, ambayo ukali wake ni mdogo kidogo, inatosha kabisa. Muvi ya saa 2 inakuwa kama GB 1, wakati 1080p inakaribia 2 au kuzidi.

Flashi nayo ina mambo yake. Ya GB 32 ukiichomeka inaonyesha kama 29, na hapo hujaibiwa; ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haipokei faili moja linalofika GB 4, hata kama ina nafasi tele. Unaweza kuifomati kwa exFAT, ila thibitisha kwanza kwamba TV yako inaisoma, kwa sababu za zamani huwa zinagoma. Flashi feki ndiyo mbaya zaidi: imeandikwa GB 64, ndani ina 8, na inakubali kila kitu bila kulalamika. Dawa yake ni kukopi, kuichomoa, kuirudisha, kisha kufungua faili la kwanza na la mwisho na kurusha hadi katikati.

Nenda asubuhi. Flashi ya bei rahisi inaandika kama MB 8 kwa sekunde, kwa hiyo GB 20 zinachukua dakika 40 na ushee. Jioni kuna foleni, mtu wa muvi anaichomoa kabla kompyuta haijamaliza kuandika, na kwako muvi inakata pale jambazi anapotaka kufunuliwa. Usiende na flashi yenye kazi zako za shule pia. Kuna kirusi cha vibandani kinachoyaficha mafolda na kuacha njia za mkato za KB 1 au 2. Wengi wanadhani kila kitu kimefutika, wanafomati, na hapo ndipo kinapotea kweli. Washa kwanza uwezo wa kuonyesha mafaili yaliyofichwa.

Na kutazama mtandaoni kwa bando? Netflix wenyewe wanakadiria GB 1 kwa saa kwa picha ya kawaida na hadi 3 kwa HD. Bila waifai ya mtu, hiyo ni njia ya haraka ya kuishiwa. Lakini muvi za Bongo usizibebe bure kibandani: waliozitengeneza wako humuhumu mjini, na pesa yao inaishia kwenye flashi yako.

Mama akilalamika kuhusu LUKU, mpe hesabu kwa adabu: TV ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, kwa hiyo saa 5 ni robo yuniti. Pasi ya wati 1,000 inaimaliza hiyo kwa robo saa.

Na kama hutaki zile zilizotafsiriwa kwa mtindo wa Lufufu, yaani mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya muvi (wapo wasiotaka, sijui wanakosa nini), chukua faili la srt, lile la maandishi ya maneno yanayopita chini ya picha. Liweke folda moja na muvi, lipewe jina lilelile herufi kwa herufi, isipokuwa kile kipande cha mwisho baada ya nukta. Nafasi moja ikizidi, TV nyingi hazitalionyesha.