Nyumba ikipigwa mnada kwa kodi, ziada ni ya nani?

Geraldine Tyler alidaiwa kodi ya majengo ya dola 2,300 kwa fleti yake ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Riba, faini na gharama zikalipandisha deni hadi kama dola 15,000. Kaunti ya Hennepin ikaichukua fleti, ikaiuza dola 40,000 na kubaki na zote. Tarehe 25 Mei 2023 majaji wote tisa wa Mahakama ya Juu ya Marekani walimpa haki ya kudai zile 25,000 za ziada. Mlipa kodi ampe Kaisari kilicho cha Kaisari, aliandika Jaji Mkuu John Roberts, lakini si zaidi.

Kaunti ilijitetea kwamba fleti ilikuwa na rehani ya dola 49,000 na deni la dola 12,000 la chama cha wamiliki, kwa hiyo Tyler asingeambulia kitu. Hesabu hiyo ina kasoro. Ziada ikienda benki, deni la Tyler linapungua kwa kiasi hichohicho, na anayelipiwa deni amenufaika. Tena, kuwapo kwa benki hakuifanyi kaunti kuwa mrithi.

Hata hivyo, upande wa kaunti usipuuzwe. Mwenye nyumba Minnesota hupewa miaka mitatu ya kukomboa mali yake. Viwanja vingi vinavyotwaliwa havirudishi hata gharama: mjini Detroit, Michigan, mnada wa mwisho umewahi kuanzia dola 500 kwa nyumba. Lakini hasara ya kiwanja cha jirani si deni la Tyler.

Penye utata zaidi ni katika kulipa ziada hiyo. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Michigan iliamua kesi ya kampuni ya Rafaeli, iliyopungukiwa kodi ya dola 8.41, kwa riba na ada likawa deni la 285.81, na nyumba ikauzwa 24,500. Ndipo jimbo likatunga utaratibu wa kudai ziada. Umiliki hupotea 31 Machi. Mwenye mali, benki na kila mwenye haki juu ya nyumba lazima awasilishe fomu iliyothibitishwa kisheria kufikia 1 Julai, kwa mkono au kwa barua ya rejesta, kisha mwaka unaofuata aombe mahakamani kufikia 15 Mei. Kaunti hukata asilimia 5 ya bei ya mauzo, na jaji hugawa kinachobaki kwa kufuata daraja la kila deni.

Tatizo ni hiyo 1 Julai: minada huanza baada yake. Mtu anatakiwa kudai ziada ambayo bado haijulikani kama itakuwapo. Wanaoumia zaidi ni warithi ambao hati bado ina jina la marehemu, na waliohama huku barua zikienda anwani ya zamani. Watetezi husema kaunti inahitaji kuwajua wadai mapema. Sawa, lakini orodha hiyo inaweza kukusanywa vilevile siku 90 baada ya mnada.

Halafu kuna suala la bei. Katika kesi ya Pung dhidi ya Kaunti ya Isabella ya Michigan, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kuisikiliza mwaka 2025, nyumba iliyothaminiwa dola 194,400 iliuzwa 76,008 kwa deni la takriban 2,200, ambalo familia ililipinga. Fidia ipimwe kwa soko au kwa mnada? Kuilazimisha kaunti kulipa bei ya soko ambayo haikuipokea ni mzigo mkubwa, hasa pale mmiliki alipokuwa na muda wa kuuza mwenyewe. Ila mnada uliotangazwa ovyo, au uliofanyika deni likiwa bado linabishaniwa, haustahili kuwa kipimo cha thamani.